Aliyoambiwa Tusajigwe

"Mumeo alikuwa wapi mpunga wa Jackson ulipoungua?"

Dorothea alimwuliza jirani yake swali hilo asubuhi moja pale Ngonga, beseni la samaki wa usipa likiwa kichwani, mguu mmoja njiani na mwingine uani kwa watu. Tusajigwe alikuwa amepiga magoti anasugua shingo ya chungu kwa gunzi la hindi. Hakuinua uso.

"Ameniambia alikokuwa," akasema.

"Eeh. Wapi?"

"Nimekwambia ameniambia. Sikusema nitakwambia." Akajigusa kifuani kwa mkono wenye udongo. "Limeingia humu, mama, halitoki."

Dorothea akacheka. Akamwambia, "Mama Abigail, una roho ngumu kama mawe ya kwenu Ikombe," kisha akaenda zake na usipa wake. Alama za vidole zikabaki kwenye blauzi ya Tusajigwe mpaka jioni. Ni hayo tu yaliyosemwa. Maneno machache ya namna hiyo mtu huyasema huku anafukuza kuku. Lakini ndiyo yaliyompeleka Tusajigwe mahakamani, na kwa ajili yake nikaona kwa macho yangu jambo ambalo hata leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Niseme kwanza ni nani huyo. Tusajigwe ni Mkisi, amezaliwa Ikombe, kule milima inakoingia ziwani na watu wanaishi kwa samaki na vyungu. Kufinyanga kafundishwa na mama yake, na mama yake kafundishwa na bibi. Mimi nauza vyungu sokoni Kyela mjini, naishi Mbugani, na vyungu vyake vimepita mikononi mwangu tangu Abigail akiwa mgongoni. Chungu cha Tusajigwe nakijua nikiwa nimefumba macho. Mdomo wake haukwaruzi.

Mume wake ni Enoki, Mnyakyusa wa Ngonga, mkulima wa mpunga. Enoki alimpata kwenye msiba wa ndugu zao kule ufukweni, akamtaka, na baba yake, Mzee Adolf, akatoa ng'ombe. Ng'ombe walitoka Ngonga mchana kweupe, watu wakiwaona, wakaenda kwa akina Tusajigwe, na binti akaja. Kanisani hawakufunga. Mchungaji aliwakumbusha mara nyingi waje wabarikiwe wapate na cheti, nao walisema tukivuna, mchungaji. Wakavuna, wakasema mwakani. Si kwa ubaya. Huku kwetu watu wengi wako hivyo. Mtu anaona ng'ombe walipita watu wakiwaona, sasa karatasi ya nini.

Na tangu siku aliyofika, Tusajigwe aliishika mila ya wakwe kuliko hata mabinti wa Kinyakyusa wenyewe. Mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee Adolf akija njiani, Tusajigwe anatoka njiani, anaingia kwenye mpunga, anampa mgongo mpaka apite. Jina lake halitamki. Sokoni kuna fundi baiskeli anaitwa Adolf pia, basi yeye humwita "yule wa spoku". Wasichana wa siku hizi wanamcheka. Wao wanasalimiana na wakwe zao kwa simu.

Siku moja nilimwuliza, "Hivi mkwe wako unaijua hata sura yake?"

Akasema, "Dada, nikikutana naye soko la Ipinda sitamjua kwa uso. Nitamjua kwa miguu. Dole gumba lake la kulia limelalia la pili."

Nilicheka sana siku hiyo. Sikujua kwamba dole gumba hilo litakuja kuwa na kazi.

Sasa kuhusu mpunga. Mzee Adolf alipozeeka aliwagawia watoto wake shamba. Jackson, mdogo, alipata kipande cha chini kinachoshika maji. Enoki, mkubwa, akapata cha juu, ambacho mvua ikichelewa kidogo tu mpunga unakauka. Enoki alisema maneno mazito mbele ya watu siku hiyo. Alisema mdogo wake hatakula kipande kile kwa amani. Watu waliyasikia, na maneno ya hasira hayasahauliki kama yale ya upole.

Mwaka huo Jackson alivuna vizuri. Akakata mpunga, akaulundika shambani ukingoja kupigwa. Ikatokea msiba wa bibi mmoja, na kijiji kizima kikahamia huko. Enoki alionekana msibani asubuhi. Halafu hakuonekana. Baadaye akaonekana tena, amekaa na wanaume wenzake. Mchana ule ule moshi ukaonekana upande wa mashamba. Walipofika, mpunga wa Jackson ulikuwa majivu. Asifiwe, mke wa Jackson, hakulia. Alikaa chini palepale kwenye mabua yaliyokatwa, akawa anayaangalia majivu kama mtu aliyewekewa chakula asichokijua. Walimnyanyua kwa mikono.

Wiki haikuisha, Dorothea akalisema lile jambo kisimani. Hakulisema kwa nia mbaya. Alikuwa anasifia, anawaambia wenzake, yule mwanamke ana siri, kaambiwa na mumewe alikokuwa na hasemi. Kisima hakina mlango. Polisi walipokuja, walikwenda moja kwa moja kwa Dorothea, naye akaulizwa, akasema. Enoki akachukuliwa. Na Tusajigwe akaletewa samansi: atakuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Yaani shahidi dhidi ya mumewe.

Alikuja kwangu Mbugani jioni ya kuamkia kesi, ili asubuhi asichelewe. Nilipika wali na usipa wa kuunga, akala kidogo, akasukuma sahani.

"Dada, wataniuliza nini?"

"Watakuuliza aliyokwambia."

"Na nikikataa?"

"Ninavyojua mimi, mtu akikataa kusema mbele ya hakimu anafungwa."

"Na nikiwadanganya?"

Sote wawili tunaimba kwaya ya kina mama, na jibu alilijua.

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayekagua vyungu vilivyotoka motoni. "Nikisema, wananifungia mume. Nisiposema, wananifunga mimi, na wanangu wanabaki na nani? Nikidanganya, nitaimbaje Jumapili?" Akaviangalia vidole vyake. "Basi niandalie shuka la gerezani, dada. Lakini lisiwe lile lenye maua, wataniibia."

Tulicheka, kisha tukasali. Mimi niliomba apewe maneno ya kusema. Yeye nilimsikia anaomba jambo jingine. Aliomba afumbwe mdomo na mtu mwingine, asiufumbe yeye. Nilishangaa sala gani hiyo, lakini nikasema amina.

Asubuhi mahakamani watu walijaa. Shahidi anangoja nje mpaka aitwe, kwa hiyo Tusajigwe alibaki kwenye benchi la barazani. Mimi nikaingia nikakaa nyuma. Enoki alikuwa kizimbani, amekonda. Hakimu alikuwa mama bado kijana, amehamishiwa kwetu kutoka Singida, Kiswahili chake kimenyooka. Wakili wa Serikali alikuwa kijana naye, mgeni pia. Karani peke yake, Emanueli, ndiye mtoto wa hapa.

Aliyetangulia kutoa ushahidi alikuwa Dorothea, akafuata Mzee Adolf. Alisimama na fimbo yake, akaeleza ugomvi wa shamba, akaeleza maneno ya Enoki. Hakumwonea mwanawe wala hakumficha. Mwisho wakili alimwuliza anataka nini, naye akasema, "Nataka nijue nani alichoma mpunga. Nimezeeka. Sitaki kufa huku namwangalia mwanangu kwa jicho la shaka." Akaambiwa amemaliza, akaenda kukaa benchi la mbele.

Hapo ndipo nilipogutuka. Nilitaka kutoka nikamwambie Tusajigwe kwamba mkwe wake yumo ndani na amekaa mbele, lakini jina lake lilikwisha kuitwa.

Aliingia kama anavyoingia siku zote, macho chini. Akatembea katikati ya mabenchi. Alipofika karibu na meza ya hakimu nilimwona anasimama ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alikuwa ameiona ile miguu. Akaivuta kanga yake juu ya kichwa chote, akageuka, akajibanza nyuma ya kabati la majalada lililokuwa ukutani, akachuchumaa huko. Likabaki pindo la kanga tu linaonekana.

Huku mbele Mzee Adolf naye alikuwa ameinamisha kichwa, ameiweka fimbo mbele ya uso wake.

"Shahidi anafanya nini?" hakimu akauliza. "Mama, toka huko. Hii ni mahakama."

Kanga haikutikisika.

"Mama, nitakuhesabu unaidharau mahakama."

Emanueli akasimama. "Mheshimiwa, naomba kusema. Hadharau. Kuna baba mkwe wake humu ndani. Kwa mila ya hapa hawezi kusimama mbele yake."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamgeukia wakili wa Serikali. "Baba mkwe? Kwa hiyo shahidi ni mke wa mshtakiwa? Kwenye maelezo yako umeandika ni mwanamke anayeishi naye."

"Ndivyo, Mheshimiwa. Anaishi naye. Hakuna cheti cha ndoa. Hawakufunga kanisani wala serikalini. Tunaomba atoe ushahidi kama shahidi mwingine yeyote."

Mimi nilishikwa na bumbuwazi. Miaka yote ile, watoto wale wote, na vyungu vyote vile vilivyonunua sare za shule, halafu mtu anasimama kwa suti anasema anaishi naye, kama mpangaji. Nikamwangalia Enoki. Naye alikuwa amefungua mdomo.

Hakimu akasema taratibu, kwa sauti ya kutaka wote wasikie, "Hili lazima nilijue kabla hajaapa. Kama ni mke wa mshtakiwa, sheria inasema anaweza kutoa ushahidi akitaka, lakini hakuna anayeweza kumlazimisha, na ni wajibu wangu kumweleza hivyo. Kama si mke, ataapa na atajibu kila atakaloulizwa. Na ndoa ya kimila ni ndoa, hata bila cheti, kama nikiridhika kwamba ipo. Nani humu anaweza kunieleza kama ndoa hii ipo?"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nilidhani mahakama ni mahali pa kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Kumbe kuna mlango mmoja ambao hata hakimu hausukumi. Jirani aliyekaa karibu nami alininong'oneza, "Kasema hakuna wa kumlazimisha?" Nikamwambia, "Ndivyo nilivyosikia, lakini siamini."

Lakini aliyeweza kueleza alikuwa mmoja tu. Wazazi wa Tusajigwe walikwisha fariki. Aliyetoa ng'ombe, na aliyeujua mpango wote, alikuwa Mzee Adolf. Na Mzee Adolf ndiye aliyesema muda mfupi uliopita kwamba anataka kujua nani alichoma mpunga. Akisema huyu ni mke, anaufunga mdomo pekee unaoweza kumwambia. Akisema hapana, walikaa tu, mdomo unafunguliwa. Kila mtu mle ndani alilielewa hilo.

Jackson alikuwa upande wa pili na mkewe. Nilimwona anamwangalia baba yake. Asifiwe alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Mzee Adolf akasimama. Alichukua muda mrefu kusimama.

"Mheshimiwa, mimi neno la mwanamke huyu nalihitaji kuliko huyu kijana wa Serikali," akasema. "Nililala nikilifikiria. Nimekuja leo kwa sababu yake."

Hakimu akachukua kalamu yake.

"Ng'ombe walitoka zizini kwangu. Na hata nikikataa leo, nikisema sikutoa, ninyi si mnaiona ile kanga nyuma ya kabati? Amejikunja pale kwa ajili ya nani? Mwanamke asiye mkwe wangu angenikimbia kwa nini?" Akaegemea fimbo yake. "Miaka yote hajaniangalia usoni. Mimi nitasimamaje hapa niseme simjui. Huyo ni mke wa mwanangu."

Akakaa. Jackson akainuka akatoka nje. Asifiwe hakutoka.

Wakili wa Serikali alisema kidogo, kuhusu cheti tena, lakini hakimu alimjibu kwamba ameridhika. Akamwomba Mzee Adolf atoke nje kwa muda ili shahidi aweze kusimama. Mzee akapita, fimbo ikigonga sakafu, na ile kanga nyuma ya kabati ikazunguka kidogo kidogo kumpa mgongo mpaka alipovuka mlango.

Ndipo Tusajigwe akatoka. Kanga ilikuwa na vumbi la majalada. Akapanda kizimba cha mashahidi, akapewa kitabu cha kuapia, akakipokea kwa mikono miwili.

"Usiape kwanza," hakimu akamwambia. "Nisikilize. Umesikia niliyoyasema?"

"Nimesikia, lakini sikuelewa vizuri. Masikio yalikuwa kwenye kanga."

Watu wachache wakacheka, hata hakimu nusura acheke. Akarudia yote kwa maneno mepesi. "Ukiamua kusema, utaapa, na utaulizwa yote. Ukiamua kutosema, utashuka hapo uende nyumbani. Hakuna atakayekufunga."

"Hata kama nayajua?"

"Hata kama unayajua."

"Hata kama ni jambo kubwa?"

"Kwa kesi hii, ndiyo."

Tusajigwe akakiangalia kile kitabu. "Na Mungu je?"

"Hilo siwezi kukujibu, mama. Mimi hapa nina sheria tu."

Hapo Enoki akasema kwa nguvu kutoka kizimbani, "Mheshimiwa, asiseme. Mimi mume wake nakataa."

"Mshtakiwa, nyamaza," hakimu akamwambia. "Hukuulizwa. Ruhusa hii si yako, ni ya kwake. Akitaka kusema, wewe huna uwezo wa kumzuia."

Nilimwona Enoki uso unavyobadilika. Tangu akamatwe, naamini, alikuwa akijipa moyo kwamba mke wake ni wake na neno lake ni lake. Sasa anaambiwa mbele ya kijiji kwamba neno alilolitoa kinywani mwake si lake tena. Liko kwa mfinyanzi wa Ikombe aliyesimama pale na vumbi kichwani, na akitaka atalitoa. Alishika ukingo wa kizimba kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Tusajigwe alimwangalia. Kisha akamwangalia Asifiwe, kwa muda mrefu zaidi. Mimi huku nyuma sikujua niombe nini. Nikisema Bwana mfumbe mdomo, nilikuwa namwona Asifiwe amekaa juu ya mabua. Nikisema Bwana mfungue, nilikuwa namwona Abigail na wadogo zake.

"Basi naomba mkipokee kitabu," Tusajigwe akasema. "Nisije nikakishika bure. Sitasema."

Karani akakipokea. Tusajigwe akashuka.

Pale nje watu walikuwa wamesimama makundi makundi. Walikuwa wameshtuka tu, kama watu walioona mvua inanyesha upande mmoja wa njia. Dorothea ndiye aliyeanza. Akasema, "Yaani mimi nimebanwa mle ndani nikasema mpaka nilikuwa nimebeba samaki gani. Yeye hata hakubanwa."

"Wewe ni jirani," mtu akamwambia. "Sheria haimjui jirani."

"Basi na mimi nitafute wa kunioa humu humu, nipate pa kufichia yangu."

"Nani akuoe na mdomo huo?"

Walicheka, lakini Dorothea hakucheka. Alinijia kando akaniambia taratibu, "Dada, kama siku ile angeniambia, mimi ningeyatoa yote pale mbele. Ningelazimishwa." Nikaona kweli. Lile neno lilikuwa salama kwa sababu lilikaa kwa wawili. Lingevuka uani kwa Dorothea, lingekuwa la kila mtu.

Mzee Adolf alikuwa amekaa pembeni kwenye ngazi, na Tusajigwe alikuwa upande wa pili wa jengo, amempa mgongo kama kawaida. Mzee akaniita kwa kichwa. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwambie mkwe wangu hivi," akasema. "Mimi nimesema kweli yangu. Ya kwake anaijua yeye."

Nikaenda nikamwambia. Aliisikiliza akiwa ameinama. Akasema, "Mwambie ndaga fijo." Nikarudi nikampelekea asante yake hiyo, ndaga fijo. Mzee akatikisa kichwa, akanyanyuka, akaondoka bila kumngoja mtu.

Ushahidi uliobaki haukutosha. Baada ya muda hakimu alisema Enoki hana kesi ya kujibu, akaachiwa. Nilikuwepo walipokutana langoni. Enoki alitaka kucheka, akasema, "Nilijua hutasema."

"Hukujua," Tusajigwe akamwambia. "Hata mimi sikujua."

Akamshika mkono wakaenda kituo cha pikipiki. Tangu siku hiyo Enoki ni mtu mwingine. Sisemi mwema wala mbaya. Amepungua sauti. Zamani alikuwa mtu wa kuamuru uani kwake, chungu hiki weka hapa, kile weka kule. Sasa anakaa anamtazama mkewe anavyofinyanga, kama mtu anayekaa karibu na nyumba ambayo vitu vyake vyote vimo ndani na ufunguo anao mwingine. Kipande cha shamba cha juu analima mwenyewe, na mwaka huu nimesikia amemfungulia Jackson mfereji wa maji bila kuombwa. Jackson hakumshukuru, lakini hakuuziba.

Na Tusajigwe? Wako walioacha kumsalimia. Mmoja alinirudishia chungu sokoni, akasema hawezi kupikia maharage chungu cha mwanamke mwenye siri. Nilimpa kingine, cha mfinyanzi mwingine, na kilipasuka, Mungu anisamehe nilifurahi. Na kila akichoma vyungu, Tusajigwe anachagua vizuri kuliko vyote, anavipeleka mlangoni kwa Asifiwe, anavipanga, anaondoka. Asifiwe anaviuza Ngana siku ya soko. Watu wanasema, mnaona, analipa, basi ni kweli mumewe alichoma. Wengine wanasema, angekuwa na hatia asingepita hata karibu na nyumba ile. Mimi nimemsikia akijibu mara moja tu. Alisema, "Watoto wa Asifiwe wanakula. Hilo ndilo ninalolijua mimi."

Mimi ni mwanamke wa darasa la saba. Sheria siijui, nilikuwa najua ni ya wenye mali na wenye vyeo. Bado nashtuka nikifikiri kwamba watu walioiandika, wakiwa mbali huko, waliukumbuka mkeka wa Tusajigwe. Walijua kwamba kuna mahali mtu anavua shati na kuvua maneno, na kwamba mahali hapo pakichimbuliwa na Serikali hakuna atakayemwambia mwenzake neno tena. Naliona jema. Halafu namkumbuka Asifiwe pale kwenye mabua, na wema wake naupoteza. Nimeyapeleka yote mawili pamoja kwenye maombi, sijapata jibu moja.

Kina mama wa ushirika wetu kanisani waliponiomba niandike habari za mmoja wetu, niisome siku ya mkutano, nilimchagua yeye. Nilikwenda Ngonga kumwomba ruhusa. Nilimkuta anapaka chungu udongo mwekundu, kokoto ya kulainishia iko kinywani, anailowesha kwa mate. Nikamweleza. Nikakaa karibu naye kwenye gogo. Tulikuwa wawili tu, Enoki yuko shambani. Na nitasema kweli, lile swali la Dorothea lilinijia mpaka kwenye ulimi, nami nikaanza, "Mama Abigail, hivi..."

Akaitoa ile kokoto kinywani, akaifuta kwenye kanga, akanitazama.

"Andika, dada," akasema. "Andika vyungu, andika mahakama, andika na kabati. Ila naomba na wewe usiniulize."